Kamera Iliyoogopa Nguo Nyeupe

Kamera yangu ilikuwa na maoni yake kuhusu watu weusi, na mimi nilikuwa na yangu. Tuligombana miaka mingi, na mara nyingi nilishinda mimi.

Haikuwa kamera ya maskini, wala haikuwa ya wale wakubwa waliokuja kambini kwetu Nakivale na magari meupe kupiga picha foleni yetu ya posho. Ilikuwa ya katikati. Lenzi yake inachomolewa na kurudishwa, mwili wake ni plastiki ngumu iliyovishwa mpira, na nilipoinunua Mbarara, mkononi mwa mtu, mpira wenyewe ulikuwa umeanza kubanduka pale dole gumba linaposhika. Niliugandisha kwa gundi ya viatu. Ili niipate niliuza cherehani yangu, ileile iliyonilisha mimi na wanangu tangu tulipofika kambini kutoka Kongo. Majirani walidhani nimerogwa.

"Mama, ulikuwa na kazi yako ya kushona. Sasa utakula picha?" jirani yangu aliniuliza, mikono kiunoni. "Batu batakucheka."

"Bacheke tu," nikamwambia. "Midomo ni yao."

Na walicheka kweli. Sokoni palikuwa na wanaume waliopiga watu picha mbele ya pazia lililochorwa maua na maporomoko ya maji, kwa vikamera vidogo vya mfukoni. Mmoja wao aliiona yangu inaning'inia shingoni akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Kitu hii ni nzito, mama. Mkono wa mwanamuke utatetemeka." Mimi niliyetembea na mtoto mgongoni na sufuria kichwani mpaka mpakani! Nilimpiga picha akiwa bado anaongea, mdomo wazi, nikamgeuzia kioo cha kamera ajione. Tangu siku hiyo hakuniita tena mama, aliniita muandishi wa habari, kwa dharau, na mimi nikaitika.

Nitaanza na uzuri wake, nisije nikaambiwa naisingizia. Betri yake ilikuwa na roho ya punda. Umeme hatukuwa nao, tulichaji kwenye kibanda cha sola pamoja na simu za watu, na chaji moja ilinimalizia harusi nzima na ubatizo wa wiki inayofuata. Ukibonyeza, imepiga, papo hapo. Vile vikamera vya mfukoni ukibonyeza vinafikiri kwanza, na vikimaliza kufikiri mtoto ameshageuka kuangalia mbuzi. Tena ilikuwa na tundu la kuchungulia, na yeyote aliyewahi kusimama Nakivale saa saba mchana anajua kwamba kwenye jua lile vioo vyote ni vyeusi, huoni kitu. Mimi nilifumba jicho moja nikaona dunia yote. Siku moja ilianguka kutoka kwenye pikipiki karibu na Kaberebere, ikabingirika mpaka mtaroni, nikaifuta kwa kitenge na jioni ilipiga kwaya ya kanisa bila kulalamika.

Ubaya? Eh, ubaya nao ulikuwepo. Vumbi letu jekundu liliingia ndani nilipobadilisha lenzi, likakaa juu ya kile kioo kinachopokea picha, na kila mbingu niliyoipiga ikawa na madoadoa kama ndizi iliyoiva. Nililipuliza kwa ile pampu ndogo ya mpira ya kuvuta kamasi za watoto. Gizani, ukiilazimisha kuona, picha ilijaa chengachenga. Ililia "klaki!" kubwa, mpaka padri aligeuka katikati ya misa. Na ukubwa wake ulikuwa kesi. Mwenye kamera kubwa akikusogelea unafikiri ama ni mpelelezi ama amekuja kukuombea msaada.

Lakini hayo yote niliisamehe. Ubaya nisioweza kuisamehe ulikuwa mmoja: kamera ile iliogopa nguo nyeupe. Ikiona weupe mwingi mbele yake inashtuka, inadhani kuna moto, inapunguza mwanga haraka. Gauni linatoka safi, kila uzi unauhesabu. Mwenye gauni anapotea. Na sisi watu wa huku, siku zetu zote kubwa ni za nyeupe: komunio, harusi, Idi. Mwanzoni nilidhani kosa ni langu. Halafu nikagundua kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, na hapo ndipo vita ilipoanza. Kamera ikisema mwanga unatosha, mimi nasema bado. Ongeza. Ongeza tena. Mshale wa ndani unakimbilia upande wa hatari, na mimi nabonyeza.

Basi, siku moja akaja mwanamke kutoka Mbarara, mke wa mwanajeshi, anakaa kambi ya jeshi. Mumewe alikuwa mbali kazini. Walikuwa watu wa West Nile, kule kaskazini, Waislamu tangu mababu, na binti yake mkubwa alikuwa anaolewa na kijana wa familia ya wafanyabiashara wa vitambaa pale mjini. Alitaka mpiga picha mwanamke, kwa sababu siku ya hina ni ya wanawake peke yao. Wapiga picha wote wa Mbarara walikuwa na ndevu.

"Mimi nimesikia wewe iko na kamera kubwa," alisema. "Na wewe iko mama."

"Vyote viwili ni kweli," nikamwambia.

Getini kwa jeshi nilizuiwa, bila shaka. Askari aliishika kamera yangu kana kwamba itamlipukia. "Wewe mama, hii kitu kubwa hivi nani amekupa ruhusa kuingia nayo? Hapa hapana piga picha!" Nikamwambia nakuja kupiga bibi harusi, sikuja kupiga vifaru. Hakucheka. Ilibidi mama wa bibi harusi atoke mwenyewe na kanga yake ya jikoni, amkemee kama anavyokemea wanawe, ndipo tukapita na kamera imefungwa ndani ya begi mpaka mlangoni.

Chumba kilijaa wanawake, udi, na vicheko. Bibi harusi alikaa juu ya mkeka katikati, amevaa nyeupe tupu na shela mabegani, mikono imekunjuliwa, anachorwa hina. Alikuwa mweusi. Nasema mweusi, weusi ule uliokolea, unaong'aa kwenye mashavu, wa watu wa kwao kabisa. Mzuri, jamani! Nyuma yake dirisha wazi, na ukuta uliopakwa chokaa. Nikajua kamera itaniletea ukorofi, lakini sikujua utakuwa mkubwa kiasi gani. Picha za kwanza zilitoka gauni, meno, na macho.

Wakati huo mama mkwe wake alishafika na wanawake wa upande wa bwana harusi. Wote walimwita Hajati. Mwanamke mweupe wa rangi, baba yake alikuwa Mwarabu wa Bukoba, na weupe wake huo aliubeba kama cheo. Akaniomba aone. Sikuwahi kukataa mtu kuona, nikamgeuzia kioo.

"He! Na huyu ni nani?" akasema, anacheka. "Umempiga bibi harusi au kivuli chake?" Akawapitishia wenzake. Wakacheka na wao, kwa kuziba midomo. Kisha akanishika mkono kwa upole, upole ule wa mtu anayekutuma dukani. "Sikiliza mwanangu. Nataka moja kubwa ya shela, ya kutundika sebuleni kwangu. Studio wanajua kazi yao, wamng'arishe uso kidogo. Wageni wangu ni watu wa maana."

Bibi harusi alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, mikono yake mibichi ya hina imeelekea juu. Hakuweza hata kujifuta machozi. Nilikaa chini kujifanya nasafisha lenzi, na yeye akaniongelesha polepole, bila kugeuza kichwa.

"Mama, hiyo picha nitakaa nayo nyumba moja kila siku. Wageni wake wataangalia ukutani, halafu wataniangalia mimi. Sitaki waone watu wawili."

Moyo uliniuma, halafu ukachemka. Nikasimama. Nikafunga nusu ya dirisha la nyuma, nikampandishia bibi harusi shela kichwani, nikamgeuza aelekee mlangoni kwenye mwanga, nikaomba shuka jeupe. Mama yake alilitoa kitandani. Nikamwambia alikunjue alishike mbele ya magoti ya binti yake, karibu, ili mwanga uligonge na kumrudia usoni. Nimekuwa mshonaji, najua kitambaa kinavyorudisha mwanga. Mama alipiga magoti akalishika. Kamera ikaniambia inatosha. Nikajumlisha. Ikaniambia, wewe mama, utaunguza hilo gauni! Nikaliunguza. Lesi ya begani ilipotea kabisa, ikawa weupe mtupu, na potelea mbali, lesi haiolewi. Lakini uso ulikuja. Paji la uso lenye mng'ao wa bluu, mstari wa pua, machozi yamekauka pembeni ya jicho. Nilimuonyesha yeye peke yake. Aliangalia, akavuta pumzi.

"Ndiyo," alisema. "Huyo namjua."

Nilikwenda na hiyo moja tu studio, ile ya shela ambayo hata wanaume wanaruhusiwa kuiona. Nyingine za nywele wazi nilizitoa kwenye kadi ya kamera kabla sijavuka mlango, maana niliwaahidi wanawake wale. Mwenye studio alikuwa mtu mpole wa pale mjini, aliyezoea kuninunulia soda na kuniita nyabo, yaani mama. Nikakaa kungoja. Mashine ikanguruma, picha ikatoka, akanipa kwa fahari.

Jamani. Uso ulikuwa na rangi ya uji. Laini, bila tundu la ngozi, bila machozi, bila mstari wa pua. Na chini yake, mapajani, mikono miwili yenye hina, myeusi kama alivyozaliwa nayo, maana mwenye studio alisahau kuisafisha.

"Sasa hii mikono ni ya nani?" nikamuuliza.

"Nyabo, Hajati amenipigia simu mwenyewe. Na hata asingepiga, hii ndiyo sisi tunafanya kwa kila mtu. Kastoma anapenda uso safi."

"Uso wake ulikuwa mchafu?"

"Hapana, nyabo, mimi sijasema..."

"Umesema. Nitolee ile niliyokuletea."

Akasema hawezi, Hajati ni kastoma wake mkubwa. Vizuri. Pale studioni palikuwa na kiti kimoja mbele ya kitambaa chekundu, cha watu wa picha za pasipoti. Nilikwenda nikakikalia. Nikaweka begi langu mapajani, nikaweka kidevu juu ya begi. Wateja wakaingia, wanafunzi, mzee mmoja na mkewe, wote wakasimama mlangoni wananiangalia. "Nyabo, ondoka, watu wanangoja," akasema. "Miye sitoki hapa," nikamwambia, "wangoje tu, nami nangoja." Alijaribu kucheka, alijaribu kukasirika, akamwita mwenye duka la jirani aje anishauri. Mwenye duka alinitazama akarudi kwake. Mwishowe mashine ikanguruma tena, na bibi harusi wangu akatoka kwenye ile karatasi mzima, na mikono yake ni yake.

Nikaipeleka mwenyewe, imeshatiwa fremu. Ndoa ilikuwa imefungwa, bibi harusi ameshahamia kwa Hajati, nyumba kubwa ya nyuma ya maduka. Sebuleni msumari ulishagongwa ukutani. Hajati alifungua gazeti nililoifungia, akaitazama, akaigeuza kifudifudi mezani.

"Hii siitundiki."

"Ndivyo alivyo, Hajati," nikasema.

"Mimi nilikuagiza nini?"

Mwanawe, bwana harusi mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia zulia, akasema ana mteja dukani, akaondoka. Mwanaume mzima! Hajati akasema basi, studio bado wana ile nyingine, wataleta kesho. Na hapo yule binti, aliyekuwa anamimina chai, akaweka birika chini.

"Hiyo ikitundikwa, mama, mimi nitairudisha mwenyewe studio," akasema. "Kama hii haifai, basi isitundikwe yoyote."

Hakupaza sauti, na hakuondoa macho kwa mama mkwe wake. Akaichukua fremu mezani akaingia nayo chumbani. Ukuta ukabaki na msumari. Mimi nilinywa chai yangu yote, polepole, makusudi, ndipo nikaaga.

Nililipia jeuri hiyo. Hajati alikuwa na mdomo mrefu, na wanawake wa Kiislamu wa mjini hawakuniita tena hina wala harusi. Walinisema kwamba nawatia watu weusi. Nawatia! Kana kwamba nauchota kwa ndoo kisimani. Nikarudi kwenye mambo yangu ya Nakivale: ubatizo, mahafali ya wanafunzi wa cherehani, na wafugaji wa Endiinzi walioniita niwapige ng'ombe wao kwanza na wake zao baadaye. Yule mwanaume wa pazia la maua aliniambia, "Unaona sasa muandishi, kichwa ngumu haileti chakula." Nikamwambia kichwa hiki ni changu, na chakula changu hakukipika yeye. Lakini nyumbani niliumia. Kuna jioni nilipita mahali mwanamke fulani alikuwa anashona kwa cherehani iliyokuwa yangu, nikaharakisha miguu.

Halafu simu ikalia. Alikuwa yeye, yule binti. Amejifungua mtoto wa kike, na siku ya arobaini inakaribia, ile ambayo mzazi anatoka nje na mtoto anaonyeshwa kwa watu. "Nataka uje wewe," alisema. "Nimeshamwambia Hajati, na hajakataa." Nilichaji betri mpaka kibanda cha sola kilipofungwa.

Mtoto alikuwa mama yake mtupu. Weusi uleule, kichwa kidogo kinanukia mafuta ya nazi, amevikwa kigauni cheupe. Nilimwangalia Hajati anavyomwangalia. Alimpenda, hilo sitaficha, alimbusu kisogo. Lakini alipomaliza akaniambia, mbele ya mama mtu, "Safari hii usituharibie. Ni mtoto wa kike."

Nilichukua begi langu nikatoka nje.

Barazani palikuwa na kivuli kizuri. Binti akakaa hapo na mtoto mapajani. Hajati akasema yeye anataka jua, kwa sababu jua linang'arisha, akatandika mkeka wake uani, mbele ya ngazi, saa sita, na ukuta mweupe nyuma yake. Akavaa mtandio wa krimu. Picha moja, bibi, mama na mtoto, wawili kivulini na mmoja juani.

Mtu wa kamera atakuambia hapo hapo kwamba haiwezekani. Jicho la binadamu linaona wote. Kamera kubwa kabisa, ya watu wa magari meupe, pengine ingewabeba. Ya kwangu, ya katikati, hapana. Ukimpimia mwanga aliye juani, walio kivulini wanazama. Ukiwapimia walio kivulini, aliye juani anaungua. Ningeweza kumwambia Hajati apande barazani. Yalikuwa ni maneno matatu tu, na sikuyasema, kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa ya haki. Nilimpimia mtoto. Nikajumlisha. Nikabonyeza.

Hajati alikuja moja kwa moja kutazama. Mama na mtoto walikuwa wametoka, kila kope, hata ulimi wa mtoto. Kamera yangu ilikuwa na tabia moja: mahali palipoungua kabisa, kioo hupepesa, cheusi, cheupe, cheusi, ili kukuonya kwamba hapo hakuna kitu tena. Uso wa Hajati wote ulikuwa unapepesa. Pua hapana, macho hapana, mtandio na ukuta kitu kimoja.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Hapo, Hajati. Mwanga umekuzidi."

"Itengeneze."

"Hakuna cha kutengeneza. Haikubaki ngozi."

Aliinama karibu zaidi, akaweka kidole juu ya kioo, pale uso wake ulipokuwa unawaka na kuzimika. Sikuwahi kumuona ameogopa kabla ya siku ile. "Basi wapunguze hao," akasema, sauti yake imeshuka. "Wapunguze wao kidogo, na mimi nionekane."

Ua lote lilimsikia. Mama wa binti, mke wa mwanajeshi, aliyekuwa ameshika beseni la vitafunwa, alisimama katikati ya ua. Mimi niliangalia kamera. Yule binti alimweka mwanawe vizuri kwenye mkono mmoja, na kwa ule mwingine akapapasa sakafu kando yake.

"Hatupunguzwi, mama," akasema. "Lakini nafasi ipo. Sogea huku kwetu."

Hajati alitazama jua lake, akautazama mkeka. Akauokota, akapanda ngazi, akasogea.